Kila Tone Lina Mlango Wake

Mkazamjomba alikuwa amekataa kupanda Volkswagen ya mjomba. Hapakuwa na ugomvi. Alisema tu kwamba kila akishuka nguo zake zinanuka oili iliyoungua, na kwamba siku gari litakapoacha kumfukiza atapanda tena. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, hakujibu neno.

Gari lenyewe ni Beetle ya 1969, injini ya 1300, ile inayokaa nyuma na kupozwa kwa upepo. Mjomba alikuwa fundi maisha yake yote na hakuna mkono mwingine uliowahi kuligusa, mpaka mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili. Akiwa anasubiri kupasuliwa, gari likapelekwa gereji. Lilirudi limepakwa silikoni kila mahali, pamoja na maneno haya: "Mzee, haya magari ndivyo yalivyo. Ukiona halivuji, ujue oili imekwisha."

Utani huo ni mkongwe na wapenzi wa magari haya wanaupenda, wengine hata kujivunia. Mjomba aliuchukia. Kwake huo haukuwa utani, ulikuwa njia ya fundi kukwepa kulala chini ya gari. Alinipigia simu jioni ileile.

"Binti, njoo na macho yako. Vidole ninavyo."

Nilipofika alikuwa ameshatandika boksi sakafuni na kupanga spana kwa kupapasa, ndogo kwa kubwa. Kabla sijagusa kitu akanieleza kwa nini jambo hili halikuwa la kuchekea. Injini ile haina rejeta wala maji. Feni inasukuma hewa juu ya mapezi ya silinda, na sehemu kubwa ya joto linalobaki inabebwa na oili kupitia kipoza oili kilichokaa ndani ya njia ya upepo. Na oili yote ni lita mbili na nusu tu. Gari la kawaida likipoteza nusu lita huenda usijue; hili likipoteza kiasi hicho limepoteza moja ya tano ya kila kitu kinacholiweka hai. Tena oili inayotoka kwenye vifuniko vya valvu haiangukii chini moja kwa moja. Inatua juu ya maboksi ya joto, yale yanayozingira paipu za ekzosi na kupeleka hewa ya moto ndani ya gari. Inaungulia pale pale, na moshi wake unaingia kwa abiria. Mkazamjomba hakuwa anatia chumvi.

"Anza na kijiti cha oili," akasema.

Nikakichomoa, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita mstari wa juu kwa kiasi kikubwa. Nilipomwambia, akatikisa kichwa polepole. Mtu aliyezoea injini za siku hizi anamimina galoni nzima bila kuuliza, na oili iliyozidi hutafuta pa kutokea, hasa gari likikata kona na oili yote ikakimbilia upande mmoja. Tukapunguza mpaka ikakaa kati ya mistari miwili. Kisha akanituma kwenye mpira wa kupumulia, ule unaotoka kwenye shingo ya kujazia oili kwenda kwenye chujio la hewa. Ukiziba, shinikizo linalojengeka ndani ya injini linasukuma oili kupitia kila gasketi dhaifu, na hapo unaweza kubadilisha gasketi mpaka uzeeke. Nikaupuliza. Ulikuwa wazi. Vizuri, akasema, tumeondoa mshukiwa mmoja.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyochukua asubuhi yote: kuosha. Dizeli, brashi, matambara, bisibisi nyembamba ya kukwangua uchafu uliogandamana tangu sijui lini. Nilitaka kufungua vifuniko mara moja, kwani vilionekana vimelowa, na kulikuwa na haja gani ya ushahidi zaidi? Mjomba hakutaka kusikia. Alisema upepo wa feni na mwendo wa gari hupeperusha oili kila upande, na chini ya gari kila kitu kinaonekana kuvuja. Pale inapodondokea si pale inapotokea. Tukaosha, tukakausha, halafu akatoa mfukoni kopo la poda ya mtoto. Nikapuliza poda kuzunguka kifuniko cha kulia, kuzunguka cha kushoto, na kwenye mirija ya chini yake. Injini yote ikawa nyeupe. Tukaiwasha, tukaiacha ipate moto, tukazima, nikaingia chini na tochi.

Upande wa kulia, poda ilikuwa imelowa kwa mstari mwembamba kwenye ukingo wa chini wa kifuniko, karibu na pembe ya nyuma. Upande wa kushoto ulikuwa na hadithi nyingine, lakini mjomba alinikatiza nilipoanza kuieleza. "Tumalize kulia. Kushoto kunangoja."

Kwa asiyejua: kifuniko cha valvu cha gari hili hakina bolti hata moja. Ni bati la chuma lililopinda kama sahani ya kina, linabanwa na waya mmoja mnene ulioshikwa kwenye silinda hedi kwa ncha zake mbili. Unaingiza bisibisi nyuma ya waya, unaubinya kuelekea chini, unaruka, na kifuniko kinakuja mkononi pamoja na oili iliyokuwa imetuama humo. Kati yake na hedi kuna gasketi ya koki, gome lilelile la vizibo vya chupa. Ni mpango rahisi mno, na kwa maoni yangu ni mpango mzuri, maana mwenye gari anafungua kila mara anaporekebisha valvu bila kuharibu uzi wa bolti kwenye alumini.

Waya ulishuka vizuri. Kifuniko hakikutoka. Silikoni ilikuwa imekishika. Ikabidi nikigonge pembeni na kipini cha nyundo mpaka kikaachia, na kilipoachia nikaona kazi ya gereji: gasketi mpya kabisa ikiogelea katikati ya tabaka mbili za silikoni nyekundu, moja kila upande. Iliyozidi ilikuwa imejiminya kuelekea ndani ikaning'inia kama ndevu. Kipande kimoja kilikuwa kimeshakatika na kukaa juu ya shafti ya roka, zile nyundo ndogo zinazobonyeza valvu. Nikakichukua nikakiweka kwenye kiganja cha mjomba.

Alikisugua kwa kidole gumba kwa muda. Sijawahi kumsikia akitukana, na siku hiyo pia hakutukana, lakini alivuta pumzi kwa namna ambayo ingemtosha fundi yule kuomba radhi. Gari hili halina chujio la oili la kubadilisha. Lina kichungi cha wavu tu chini ya injini. Vipande kama kile vikifika pale vinaziba wavu, na pampu inabaki kunyonya hewa. Mtu alitaka kuzuia matone akaweka njia ya kuua injini nzima.

Tukakwangua. Nilitumia kipande cha mbao ngumu badala ya chuma ili nisichubue uso wa hedi, kisha kitambaa chenye petroli, kisha tena. Nilipoona pamekuwa safi kabisa nilimwita. Akajikunja, akaingia chini ya gari kwa shida, akapitisha ukucha kuzunguka uso wote wa hedi, taratibu, akarudi nyuma kidogo, akasimama.

"Hapa."

Nikamulika. Sikuona kitu. Akaniwekea kidole changu pale pale na ndipo nikahisi utando, mwembamba na wa rangi ya alumini yenyewe kwa jinsi mwanga ulivyoangukia. Tulipata mwingine kama huo pembe ya nyuma, palepale poda ilipolowa. Sina hakika kama ningeupata hata na macho mawili mazima na tochi mbili.

Kifuniko nacho kilikuwa na lake. Tulikilaza kwenye kipande cha kioo, mdomo chini, nikamulika kutoka ndani. Mwanga ulipita mahali pamoja, upana wa kidole hivi. Mtu aliwahi kukibonyeza, pengine kwa kuweka jeki pasipostahili, na ukingo ukapinda. Gasketi yoyote ingevuja hapo, ya bei yoyote. Mjomba alinielekeza nikigongee juu ya ubao ulionyooka, vipigo vidogo vidogo, kisha kioo, kisha ubao tena, mpaka mwanga ukakatika.

Hapo ndipo nilipomtajia vifuniko vya kromu. Nilikuwa nimeviona vikiuzwa, vinang'aa, na vile vingine vya alumini vinavyofungwa kwa bolti, na nikadhani huu ndio wakati wake. Mjomba alisema vya kromu alishavitoa kwenye magari ya watu wengi mno kuviamini: bati lake mara nyingi halilingani na la kiwandani, waya unakaa kwa kulazimishwa, na watu huishia kuukunja waya ili ubane zaidi. Waya ukishakunjwa hurudi kuwa kama ulivyokuwa? Kuhusu vya bolti hakuwa na ubishi mkubwa, alisema tu haoni vinatibu ugonjwa gani. Bado nadhani vya bolti vina nafasi yake kwenye injini zilizoongezewa nguvu. Kwa 1300 iliyo kama ilivyotoka kiwandani, alikuwa sahihi.

Gasketi mpya tuliibandika kwenye kifuniko kwa gundi nyembamba, upande huo mmoja tu, tukailaza kwenye kioo na kuiwekea uzito juu ikauke imenyooka. Upande unaogusa hedi haukupata gundi, ulipakwa grisi kidogo sana, ili siku nyingine kifuniko kitoke bila kuchana koki.

Wakati gundi inakauka, injini ilikuwa imepoa kabisa, na mjomba hakuwa mtu wa kuacha valvu wazi bila kuzipima. Nikaondoa kifuniko cha distribyuta, nikaizungusha puli kwa spana mpaka rota ikaelekea kwenye alama ya silinda ya kwanza na alama ya puli ikakaa kwenye mwungano wa injini. Nafasi kati ya roka na valvu ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Mpangilio wa kuwaka wa silinda ni 1-4-3-2, na mjomba alinionyesha ujanja wa kurudisha puli nyuma nusu mzunguko kila mara: ukienda kinyume unapata moja, mbili, tatu, nne, kwa kuhesabu kama mtoto. Silinda ya kwanza na ya pili ziko kulia, kwa hiyo upande uliokuwa wazi uliisha haraka. Valvu moja ya ekzosi ilikuwa imebana. Nilipomaliza kuilegeza na kukaza nati yake, nikampa mjomba kipimo akipitishe mwenyewe. Alikivuta mara moja, akaitikia kwa kichwa.

Kisha kifuniko. Nikakiegemeza mahali pake, nikahakikisha gasketi haijahama, nikaubinya waya kwenda juu. Ukaruka na kukaa: tak!

"Utoe. Uurudishe," akasema mjomba.

Nikautoa, nikaurudisha. Tak.

"Sawa. Huo bado una nguvu. Uliochoka hauna sauti."

Tukafanya upande wa kushoto vilevile, silikoni ileile, kukwangua kulekule, valvu za silinda ya tatu na ya nne. Lakini gasketi ya kushoto haikuwa imevuja hata kidogo, na poda ilishatuambia hivyo asubuhi: ilikuwa kavu kuzunguka kifuniko chote na imelowa kwenye mirija miwili ya pushirodi, zile fito zinazosukuma roka, mahali mirija inapoingia kwenye silinda hedi. Kila upande una mirija minne ya namna hiyo, imebanwa kati ya hedi na bodi ya injini, na mpira wa kuzuia oili kila ncha. Mipira ikikauka, oili inateremka kwenye mrija, inagusa ukingo wa kifuniko, na mtu mvivu analaumu kifuniko. Gereji ilikuwa imekipaka silikoni kifuniko kisicho na kosa.

Tukaweka poda upya, tukawasha, tukasubiri joto. Kulia kulibaki kweupe. Kushoto, mirija ileile miwili.

Mjomba alikuwa tayari kuiacha mpaka siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine, kwani mirija ya kiwandani haitoki bila kushusha hedi. Nikamwambia iko mirija ya kubadilishia yenye springi, inayofupishwa na kuingizwa baada ya kutoa roka na pushirodi, hedi ikiwa mahali pake. Aliijua. Hakuipenda sana. Alisema mingine ina mwungano katikati ambao nao huanza kuvuja, na kwamba kutoa mlango mmoja na kuweka mwingine si kazi. Tukabishana pale chini ya gari, yeye amelala chali macho yameelekea kwenye injini asiyoiona, mimi nikiwa na dizeli mpaka kwenye viwiko.

"Haya, agiza," akasema mwishowe. "Lakini ikifika usiifunge. Niletee kwanza niishike."