Huwa, sasa hivi, tangu: ninavyochagua kitenzi cha Kiingereza cha wakati uliopo

Ukimuuliza mtu wa Kariakoo "unafanya nini?", anaweza kujibu kwamba anauza vitambaa, au kwamba anafunga mzigo. Yote mawili sawa, kwa kuwa -na- yetu inabeba mazoea na pia kinachoendelea muda huu. Kiingereza hutenganisha: What do you do? ni kazi yako, What are you doing? ni ulicho nacho mkononi. Kwa hiyo mimi huanza na sentensi ya Kiswahili, naipima kwa maneno matatu.

Chukua "Juma anauza samaki Feri". Ikikubali "huwa", kitenzi kinakaa peke yake: Juma sells fish. Ikikubali "sasa hivi", naweka am, is au are, kisha -ing: Juma is selling fish. Viwili hivyo huenda pamoja. Juma selling ina pengo, Juma is sell nayo ina pengo. Ikiwa na "tangu", kwamba jambo lilianza nyuma na bado linaendelea, ndipo inapokuja has been: Juma has been selling fish since 2019. Wengi huandika is selling since, kwa sababu Kiswahili hakibadilishi kitenzi hapo. Since hufuatwa na mwanzo, for hufuatwa na urefu: since Monday, for three days.

"Siku hizi" ina utata kidogo. Kama hali ni ya muda, tumia -ing. Kwenye usaili, ukisema I am living in Mbagala, msikilizaji anaweza kudhani umejishikiza tu kwa ndugu. Kama ndiko kwako, sema I live.

Kuna vitenzi ambavyo "sasa hivi" haivigusi: know, want, need, believe, understand, own. Najua ni I know, hata kama umejua dakika hii. Vikikutana na "tangu" havichukui been: I have known him since 2015. Have ya kumiliki iko humo pia, ndiyo maana I am having two children inamshangaza Mwingereza, ingawa I am having lunch ni sawa, maana hapo ni kula. Think nayo ina sura mbili: I think ni "naona", I am thinking ni "nawaza".

Sehemu ninayoiona ngumu kuliko zote ni -me-. Vitabu vingi vya shule vinailinganisha na have, na mara nyingi inafaa: nimekula, I have eaten. Lakini amekaa, amesimama, amelala, amevaa vinaeleza hali aliyonayo mtu sasa. Konda akisema "abiria wamesimama", Kiingereza chake ni The passengers are standing. Have stood ingeleta maana nyingine. Amevaa koti ni He is wearing a coat, na amechoka ni He is tired.

Halafu ile -s ya he, she na it, kama kwenye sells. Sisi alama ya mtu tunaiweka mbele, a-nauza. Wao wanaiweka nyuma, na maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, basi ulimi unaimeza. Carry inakuwa carries, lakini play ni plays, kwa kuwa y imetanguliwa na irabu. Watch na go huchukua -es. Does ikiingia, s imeshahamia kwake: She doesn't sell, Does she sell? Kamwe si doesn't sells.

Kabla ya kutuma barua ya kazi, naisoma mara mbili kwa macho tofauti. Mara ya kwanza natafuta kila he, she, it na jina la mtu mmoja, nione kama kitenzi kina s yake. Mara ya pili nafuata kila -ing nikirudi nyuma hadi nikute am, is, are au been. Nyingine, kama ya after working, ni ya jina, hiyo naiacha.