Urafiki huvunjikia getini

Jijini Nairobi, Kangemi ya maskini na Loresho ya matajiri zinapakana. Muthaiga ya matajiri na Mathare ya maskini zimetengwa na Barabara ya Thika tu. Hivi ndivyo wakoloni walivyoigawa Nairobi, Wazungu mitaa kama Muthaiga, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Eastlands, na mpaka leo marafiki wa pande mbili, mwenye nacho na asiye nacho, hukutana na mipaka hiyo kila wiki.

Wa kwanza ni geti. Anayekuja kwa miguu huulizwa kitambulisho, huandikwa daftarini, kisha husimama juani magari yakipita. Mwenyeji ampigie mlinzi simu mapema na kumtajia jina kamili la mgeni. Siku za mwanzo atoke mwenyewe hadi getini, asimtume msaidizi wa nyumbani. Mlinzi akiwaona wakisalimiana mara tatu nne, maswali hupungua.

Halafu nauli. Matatu hupandisha jioni, na mvua ikinyesha hupandisha tena. Kukutana mjini saa kumi na moja ni foleni kwa mmoja, kwa mwingine ni pesa ya mboga. Jumamosi asubuhi ni afadhali, pengine Bustani ya Jeevanjee, ambako kuketi ni bure. Mkienda kula, aliyechagua mahali ndiye alipe. Akichagua kibanda cha chai na mandazi, mwenye gari asikimbilie kutoa simu alipe kwa M-Pesa. Kumnyima mtu nafasi ya kukukaribisha ni kumdharau, hata kama nia ni njema.

Pesa ndiyo huua urafiki mwingi, na mara nyingi si kwa ulaghai. Mkopaji hukosa kulipa, huona haya, huacha kupokea simu. Mkopeshaji naye hudhani ametumiwa. Basi semeni siku ileile: hii ni zawadi au ni deni? Ikiwa deni, kiwe kiasi ambacho kikipotea hakitakuuma. Shilingi 3,000 zilipwe 500 kwa wiki sita, siku ya mshahara. Wiki ikipita kimya, mkopeshaji apige simu ya salamu tu, bila kutaja deni.

Tena mwenye nacho naye aombe. Asiyeomba chochote hugeuka mfadhili. Aombe kusindikizwa soko la Gikomba, aulize fundi bomba mwaminifu ni yupi, na fundi huyo akiwa ndiye rafiki mwenyewe, amlipe bei kamili. Urafiki wa kuvuka mipaka hukua watu wakihitajiana: Makhan Singh, Mhindi, na Fred Kubai, Mwafrika, waliunganishwa na kazi; mwaka 1949 waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, na Mei 1950 wakakamatwa wote wawili.

Majina kama "Mdosi" (bosi au tajiri) na "Mhindi wangu" yaachwe. Kila mtu ana jina lake.

Na msiba ukitokea, mchango wa M-Pesa hautoshi. Fika kwenye matanga, keti kwenye kiti cha plastiki kama wengine, pokea chai utakayopewa, usitazame saa.