Jinsi nilivyomtuliza mbwa wangu asiwarukie wageni getini

Leo asubuhi muuza maziwa ameingia hadi barazani na Simba hakunyanyuka, basi naandika hili kwa wenye shida kama yangu. Kwa miezi minne alimrukia kila mgeni getini, manyoya ya mgongoni yamesimama, na nikimshika ukosi ndiyo anazidi. Nilimkaripia. Nilimfunga mnyororo mchana kutwa, akawa mkali zaidi, maana mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Kilichofaa ni dagaa wakavu. Nilimwomba kijana wa maziwa asimame ng'ambo ya barabara, mahali ambapo Simba anamwona lakini bado hajaanza kubweka. Hapo hapo nampa dagaa. Kijana akiondoka, simpi tena. Kila siku hatua mbili tatu karibu zaidi. Jambo lenyewe lilikuwa wakati: nikichelewa hadi abweke, siku hiyo imepotea. Tena kijana alisimama ubavu, bila kumkazia macho. Wiki ya tano akamrushia dagaa yeye mwenyewe.

Usiku akisikia mtu ukutani bado anabweka, na sitaki aache.