Siku moja na mizinga Malindi, joto la kaskazi

Saa kumi na mbili asubuhi ni maji kwanza. Nyuki akishazoea mfereji wa jirani, kumrudisha ni kazi. Beseni linakaa kivulini, maji yasiwe ya chumvi, na juu naweka vipande vya makumbi vielee, wapate pa kutua wasizame.

Saa moja napaka grisi kwenye waya zinazoning'iniza mizinga na kufyeka matawi yanayoigusa. Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, hutosheka na jani moja kuwa daraja. Paa la makuti naliinua shubiri moja juu ya mfuniko. Likilalia mbao, joto halina pa kutokea.

Baada ya saa nne sifungui mzinga mpaka jioni. Majana, yaani watoto wa nyuki, wanahitaji nyuzi 34 hadi 36, na jua likiwa kali kundi zima huhangaikia hilo. Wengine huleta maji na kuyapaka membamba midomoni mwa vyumba vya sega, wengine husimama mlangoni, vichwa ndani, wakipiga mbawa kutoa hewa ya moto. Wasio na kazi hutoka wakaning'inia nje kama ndevu. Mgeni hudhani wanahama. Jioni hurudi ndani.

Hapo ndipo umri unapoishia. Nyuki mtenda kazi wa msimu wa shughuli huishi takriban wiki sita: kama tatu za ndani, akisafisha, akilea majana, akijenga nta, kisha anaruka mpaka mbawa zinachanika. Wale wa Ulaya wanaoingia majira ya baridi huishi miezi kadhaa, kwa kuwa hawana majana wa kulea na mwilini wamejaza akiba. Huku kwetu usiitegemee subira hiyo. Masika yakizuia kuruka na chakula kikaisha, kundi huhama, mzinga ukabaki mtupu. Kwa hiyo maji na kivuli naviona bora kuliko dawa yoyote ya dukani: kila safari ya maji inayofupishwa ni safari inayobaki kwa mbochi, ule utamu wa maua.

Saa kumi na moja u nusu jioni nawasha bomba la moshi kwa makumbi makavu. Mipulizo mitatu mlangoni, nangoja dakika mbili. Sega nalishika wima, sililazi kamwe: nta huyeyuka karibu nyuzi 63 lakini hulegea mapema zaidi, na sega jipya lenye asali hukatika likamwaga kila kitu juu ya malkia. Navuna masega yaliyozibwa kwa nta tu. Yanayopakana na majana nayaacha, ndiyo chakula cha masika.

Saa mbili usiku nachuja. Ndoo hufungwa papo hapo, maana asali hunyonya unyevu wa hewa ya pwani, na maji yakizidi asilimia 20 huanza kuchacha. Masega matupu hayalali wazi. Nondo wa nta huyafikia usiku huohuo.