Kumbukumbu ya mradi: njia mbili za kashe na pete iliyozidi kipimo

Jana usiku, muda mfupi kabla umeme haujakatika hapa Chumbageni, kihesabio cha pakiti zilizopotea kilikaa sifuri kwa saa nzima huku xz, programu ya kugandamiza mafaili, ikifanya kazi kwenye prosesa ileile inayopitisha pakiti za mtandao. Naandika nikiwa bado na furaha hiyo, kwani wiki tatu nzima nilikuwa nikihangaika mahali pasipostahili.

Seva ni ya mtumba: Xeon E5-2680 v4, viini 14, kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ya MB 35 iliyogawanywa katika njia 20, yaani vipande 20 vilivyo sawa, na kadi ya gigabiti 10 yenye chipu ya 82599 inayopokea pakiti za baiti 1500 na kuzipeleka mbele kwa foleni nne. Kila njia ni MB 1.75. Kwa DDIO, teknolojia ya Intel, kadi huandika pakiti moja kwa moja ndani ya L3 badala ya RAM, lakini mstari (kipande cha data cha baiti 64) ambao haumo tayari kwenye kashe huingizwa katika njia mbili tu, yaani MB 3.5. Ukipachika resctrl, mfumo wa mafaili wa kerneli ya Linux wa kugawa kashe kwa makundi ya programu, na kusoma faili la shareable_bits utaona c0000, maski ya heksadesimali ambayo kila biti yake ni njia moja, na bit_usage itakuonyesha XX ikifuatiwa na S kumi na nane: njia mbili za juu zinatumiwa na vifaa na programu kwa pamoja. Hizo X mbili ndizo zilizoniumiza kichwa.

Wazo langu la kwanza lilionekana la busara. Kundi linalosukuma pakiti nililipatia f0000, ili liwe na njia za DDIO pamoja na mbili za jirani, na xz nikaibana katika 0ffff. Nilijaribu pia kulifanya kundi hilo liwe exclusive, yaani lisishiriki njia zake na yeyote, kerneli ikakataa, na faili la last_cmd_status likaeleza kwamba schemata (mgao wa njia) inaingiliana. Nililaumu kundi la msingi lililokuwa bado na fffff, nikalipunguza, nikakataliwa tena, kwa sababu kerneli huzihesabu biti za vifaa kuwa ni mwingiliano vilevile. Kwa hasira niliacha exclusive na kuendelea bila hiyo. Pakiti ziliendelea kupotea, na perf, zana ya vipimo, ilipohesabu cas_count_read kwenye uncore_imc, yaani kidhibiti cha RAM, usomaji wa RAM ulipanda na kushuka sambamba na pakiti zinazoingia. Maana yake ni kwamba pakiti zilikuwa zikifukuzwa kwenye kashe kabla kiini hakijazisoma.

Nilichokuwa nimekisahau, ingawa nimewahi kukieleza kwa wenzangu zaidi ya mara moja, ni kwamba maski ya CAT, huo ugawaji wa kashe wa Intel, inaweka mpaka wa kuingiza data tu, si wa kuisoma. Kiini kilichopewa 0ffff kikitaka mstari uliomo katika njia ya juu kabisa kinaupata bila kizuizi chochote. Kwa hiyo kundi la pakiti halikuhitaji hata kidogo kumiliki c0000. Kwa kulipatia kundi hilo njia hizo nilikuwa nimeruhusu jedwali lake la kuelekeza pakiti liingie humo na kuzisukuma nje pakiti zilezile nilizotaka kuzilinda. Niliyaondoa makundi yote katika njia za juu, bit_usage ikaonyesha HH (vifaa pekee), na exclusive ikakubalika mara moja kwa kundi la pakiti katika 30000.

Hapo nilitegemea ushindi, lakini usomaji wa RAM ulipungua kidogo tu. Kosa la pili lilikuwa la zamani zaidi: mwanzoni mwa mradi niliipandisha pete, foleni ya mzunguko ambamo kadi huweka pakiti, hadi deskripta (nafasi za pakiti) 4096 kwa amri ya ethtool, kwa imani ile ya kwamba pete kubwa huzuia upotevu. Bafa (maeneo ya kuhifadhia pakiti) za KB 2 mara 4096 mara foleni nne ni MB 32, nami nataka zikae ndani ya MB 3.5! Nikashusha hadi 256, ambayo kwa hesabu ni MB 2, na bado hali haikutulia. Ilinibidi nisome ixgbe, draiva ya kadi, mstari kwa mstari ndipo nikaona kwamba ukurasa wa KB 4 hugawanywa nusu mbili zinazotumiwa kwa zamu, hivyo kila deskripta inazunguka juu ya bafa mbili. Pakiti ya baiti 1500 inagusa mistari 24 ya baiti 64, yaani KB 1.5, kwa nusu zote mbili ni KB 3, na kwa deskripta 1024 za foleni nne ni MB 3. Hiyo inatosha kwenye karatasi tu, kwa sababu deskripta zenyewe nazo zinahitaji nafasi na anwani hazijitandazi sawasawa katika kashe.

Kwa 128 ilikubali. Niliogopa kwamba pete ndogo hivyo ingefurika, ila viini vinne havina kazi nyingine sasa, na nimeviandika katika faili la cpus la kundi badala ya kutegemea tasks (orodha ya michakato), kwa kuwa kazi za softirq, yaani kazi za kerneli za kushughulikia pakiti, hufanyika kwa kitambulisho cha mchakato uliokatizwa, ambao unaweza usiwe wa kundi hili.

Kuhusu zana, pqos, programu ya Intel ya kusimamia kashe, ni nzuri kwa kutazama, lakini kwa kubadilisha naona echo ndani ya resctrl ni salama zaidi, kwani pqos ikiandika rejista yenyewe, kerneli haina habari. Mama mwenye nyumba naye ana maoni yake kuhusu feni za seva: "Mwanangu, hiyo ndege yako itaruka lini?"

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa kuchezea rejista ya 0xC8B yenye maski ya DDIO, ambayo kwenye prosesa za Skylake huwa 0x600, ili kuiongezea DDIO njia. Nimeiahirisha, kwa sababu nimeanza kusoma msimbo wa io_alloc ndani ya resctrl, unaoziruhusu prosesa za AMD zenye uwezo huo kuwekewa maski ya vifaa kupitia faili la io_alloc_cbm, kwa kutumia CLOSID (namba ya kundi) ya juu kabisa. Mashine hiyo sina. Leo jioni nitaanza na jaribio la pakiti za baiti 64 kwenye hii niliyonayo, umeme ukirudi.