Vikapu vimeondoka leo!

Mteja yuko Ujerumani. Mzigo wa ndege hautozwi kwa mzani tu: kampuni nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5000. Jibu likizidi kilo za mzani, unalipia hilo jibu.

Boksi walilonipa kaunta ya kampuni ya mizigo: 50 × 40 × 40.
Kilo 16! Na vikapu havifiki hata 4.

Nikakataa. Nikashuka sokoni Makoroboi na futi mkononi, nikapata boksi gumu la biskuti, 40 × 30 × 20.

Nikavipachika kimoja ndani ya kingine. Kila nikikandamiza, ukindu unalia kidogo, unajikunja, ukiachiwa unarudi umbo lake.

4.8, wakaandika 5.

Jamani nimefurahi! Mnaotuma mizigo nje kutoka Mwanza, maboksi madogo magumu mnayapata wapi?