Nyeupe ya Kibuye

Leo asubuhi nimesimama pale Kibuye, Kisumu, nikimtazama mzee mmoja akiandika KINYOZI ukutani kwa brashi.

Mimi hubuni mabango kwenye kompyuta. Wiki hii tumebishana sana na wenzangu kuhusu Cloud Dancer, ile nyeupe ambayo Pantone, kampuni ya viwango vya rangi, waliichagua kuwa rangi ya mwaka 2026. Wengi wanasema imepooza.

Mzee alikuwa ameshapaka ukuta mzima nyeupe.
Kidole chake kidogo kimeegemea ukutani, mkono hautetemeki.
Akaivuta ile K nyekundu kwa pumzi moja. Bila rula!

"Nyeupe ndiyo inabeba, kijana wangu," akaniambia.

Sikuondoka mpaka herufi zikakauka.

Mtaani kwenu bado kuna fundi wa brashi? Nitumieni picha za kazi yake.